Kusoma Matabaka ya Fungu la Mchanga: Mwongozo wa Kazi kwa Mafungu ya Bagamoyo

Ukichimba fungu la mchanga maji yakiwa yamepwa, ukuta wa shimo unatoa mistari: mwembamba mweusi, mpana mweupe, mwingine uliojaa vipande vya kombe. Wengi huanza kuihesabu kama pete za mti, mstari mmoja mwaka mmoja. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Bamvua moja, zile siku za maji makubwa, linaweza kulaza matabaka mengi kwa siku chache, na kusi moja, msimu wa upepo wa kusini, ikayafuta yote pamoja na yaliyokuwa chini yake. Fungu hujenga na kubomoa mahali palepale. Kinachobaki ukutani ni mabaki ya siku chache zilizobahatika kufunikwa kabla hazijachimbuliwa na mkondo. Kazi yako ni kujua tabaka lipi ni la jana, lipi ni la msimu, lipi ni la zamani kweli, na utathibitishaje.

Mwongozo huu unahusu mafungu yanayokauka au kubaki na maji ya magotini yanapopwa, kama yale yaliyoko nje ya Bagamoyo upande wa Mwambakuni na yale ya mbele ya midomo ya Ruvu. Mafungu yaliyozama muda wote yanataka meli na vyombo vya kupiga sauti chini ya sakafu. Hayo si ya siku moja na ngalawa.

Siku na saa

Katika mkondo wa Zanzibar, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu hushuka hadi mita 1 hivi. Kazi ya kuchimba inafaa bamvua tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani hii hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Siku nzuri kuliko zote ni ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Hakikisha kwa jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari. Bamvua la Machi na la Septemba ndilo kubwa kuliko ya miezi mingine.

Fika kwenye fungu saa 2 kabla ya maji kupwa mwisho, uanze kuchimba yanapokuwa bado yanashuka. Utapata saa 3, ukibahatika 4. Jambo la kuogopa ni hili: maji yakianza kujaa, hayaanzi kufunika mgongo wa fungu. Huanza kujaza mkondo ulioko kati yako na pwani, nawe bado umesimama pakavu ukidhani muda upo. Chombo kitie nanga upande wenye kilindi, si upande wa pwani, na mtu mmoja abaki nacho. Nahodha akisema tuondoke, mnaondoka, hata kama bomba la kutolea mchanga limekwama.

Kabla ya yote, fika kwa wavuvi. Baada ya salamu, uliza: "Nahodha, kusi iliyopita ncha ya fungu hili ilifika wapi? Na kaskazi inarudi?" Jibu lake litakuokoa kuchimba mahali ambapo mwaka jana palikuwa maji ya pima mbili. Uliza pia nyavu na kamba za mwani ziko wapi. Uongozi wa kijiji na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari wajue mnachofanya, maana watu wanaobeba mchanga kwenye ndoo hutiliwa shaka, na ni haki yao kushuku. Utafiti rasmi unahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Tafuta sakafu kwanza

Chukua nondo ya milimita 12, urefu mita 3, chongoa ncha moja kwa grainda, na chora alama kila sentimita 10 kwa rangi ya mafuta. Tembea kutoka ncha hadi ncha ya fungu, kila hatua 20 ichomeke wima kwa mikono miwili ukiizungusha kidogo kulia na kushoto. Sikiliza na uhisi. Mchanga safi hukwaruza na kugoma taratibu. Tope huimeza nondo ghafla, kama imeingia kwenye ugali wa moto. Changarawe na makombe hutoa mlio wa kuvunjika, na nondo hurukaruka. Mwamba wa matumbawe hugonga, *ti*, na mtikisiko wake unaupata kwenye kiwiko. Andika kina cha kila badiliko na mahali ulipo kwa GPS ya simu.

Zoezi hili ndilo tunalolithamini kuliko lolote katika siku nzima, na ndilo linalorukwa mara nyingi. Bila sakafu hujui kama unachimba fungu lenye kina cha mita 5 au shuka la sentimita 70 lililotandazwa juu ya mwamba. Mengi ya mafungu yetu ni ya namna hii ya pili: mwamba uko chini, mchanga umekaa mgongoni mwake. Historia ya hayo ni fupi na hubadilika kila msimu. Nondo ikizama mita 3 yote bila kugusa kitu kigumu, hapo pana mchanga wa kutosha kuhifadhi kumbukumbu ndefu, na ndipo pa kupigia bomba.

Shimo

Chimba juu ya mgongo wa fungu, si ubavuni, kwa sababu mgongoni maji ya chini yako mbali kidogo. Urefu mita 1, kina sentimita 50 hadi 60, ukuta mmoja wima na ule wa mkabala uwe na ngazi ya kukanyagia. Usizidi kiuno chako hata siku moja: mchanga uliolowa huanguka kwa kishindo, na mtu akifukiwa hadi kifuani hatolewi kwa mikono. Chimba mashimo mawili, moja likifuata mwelekeo wa mkondo, la pili likiukata mkondo huo. Shimo moja hudanganya. Tabaka lililolala mshazari kwa nyuzi 25, ukilikata kwa upande usiofaa, huonekana limelala kama mkeka.

Ukuta usiusafishe kwa mikono. Tumia mwiko wa fundi, ukikwangua kutoka juu kwenda chini kwa mkono mwepesi, halafu subiri dakika 5. Upepo ukikausha uso wa ukuta, matabaka yenye chembe kubwa hukauka mapema na kuingia ndani kidogo, yale ya chembe laini hubaki na unyevu na kutokeza. Mistari ambayo hukuiona hapo awali itajitokeza yenyewe. Weka futi ya chuma wima, piga picha jua likiwa pembeni, kisha andika kutoka juu kwenda chini: kina kwa sentimita, rangi ikiwa mbichi, ukubwa wa chembe, mpaka wa tabaka ni mkali kama umekatwa kwa kisu au umefifia, na mshazari unateremka kuelekea wapi kwa dira.

Mshazari ndio sauti ya mkondo. Vituta vya mchanga hutembea kwa kumwaga chembe upande wa mbele, na kila mmwago huacha utando ulioinama kuelekea mkondo unakokwenda. Ukiona matabaka ya chini yameinama kusini na ya juu yake kaskazini, kama mifupa ya samaki, umepata maji kujaa na maji kupwa katika ukuta mmoja. Mara nyingi utaona upande mmoja tu, kwa sababu kila ubavu wa fungu una mkondo wake unaotawala, na mkondo wenye nguvu hufuta kazi ya mwenziwe.

Angalia pia utando mwembamba wa tope, milimita 1 au 2, kati ya matabaka ya mchanga. Huo hutua maji yanaposimama, kabla ya kugeuka. Mahali palipotulia, matabaka haya hupangika kwa mfululizo: manene ya bamvua, yanapungua hadi membamba ya maji mafu, halafu yanenepa tena. Kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi, na maji hujaa mara 28 au 29. Ukihesabu mfululizo kamili wa namna hiyo, umehesabu nusu mwezi, si miaka 28.

Jambo jingine linalowakosesha wengi ni weusi. Kuna mistari myeusi ya aina mbili. Ya kwanza ni madini mazito, hasa ilmenaiti na magnetaiti, pamoja na ganeti za wekundu wa zabibu, yaliyochujwa na mawimbi yakabaki wakati mchanga mwepesi umechukuliwa. Ya pili ni weusi wa chuma na salfa katika mchanga uliokosa hewa. Chota kidogo uweke juu ya kifuniko cha ndoo. Ukinusa yai viza, na baada ya saa chache hewani weusi ukageuka kijivu au kahawia, hayo si madini, na mstari huo hauna habari ya mawimbi. Ukibaki mweusi, kausha, pitisha sumaku ya spika iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Magnetaiti itaruka na kuning'inia kama ndevu.

Kipande cha kubeba nyumbani

Debe la bati la lita 20 linafanya kazi nzuri sana hapa. Kata juu na chini kwa mkasi wa bati, kisha ubavu mmoja mpana, upate mfereji wa pande tatu wenye urefu wa sentimita 35 hivi. Pinda kingo zisikukate. Lisukume ndani ya ukuta uliosafishwa, upande ulio wazi ukitangulia, mpaka bati lizame lote. Andika JUU na mwelekeo wa dira kwenye bati kabla ya kulitoa. Mshale unaochorwa baadaye nyumbani huwa wa kukisia. Kata nyuma yake kwa mshipi wa nailoni ulionyooshwa kati ya vijiti viwili, ukisogeza kama unayekata sabuni ya mche. Funika kwa kibao, geuza, funga kwa nailoni.

Bomba

Kwa kina cha mita 1 hivi tumia bomba la plastiki la inchi 3, urefu mita 2, ncha ya chini imechongolewa kwa nje. Weka kibao juu, gonga kwa nyundo ya mbao. Kila sentimita 20 pima mara mbili: mchanga wa nje uko wapi na wa ndani uko wapi. Tuseme bomba limeingia sentimita 140, na ndani una sentimita 110 tu. Sentimita 30 zimepotea kwa kubanwa au kwa mchanga kuziba mdomo na kusukuma mwingine pembeni. Vipimo hivi vikiandikwa hatua kwa hatua utajua hasara ilitokea kina gani. Ukipima mwisho tu, utalazimika kuigawa sawasawa, nayo haikutokea sawasawa.

Mchanga safi uliojaa maji hugoma nyundo kwa sababu kila pigo huushindilia. Kupita hapo kunahitaji mtetemo. Vaibreta ya zege ya mafundi ujenzi, ikifungwa kwa klampu kwenye bomba la alumini la inchi 3 lenye ukuta wa milimita 1.5, huyeyusha mchanga unaoligusa bomba, nalo hushuka kwa uzito wake na wa watu wawili. Mita 3 hadi 5 zinapatikana pasipo mwamba. Bomba liwe la mita 6. Likigoma kwa dakika nzima, zima. Kuendelea kutetemesha kunavuruga matabaka yaliyokwisha kuingia.

Kabla ya kung'oa, jaza maji juu ya mchanga ulioko ndani hadi mdomoni, kisha ziba kabisa kwa kizibo cha mpira cha kukaza. Hewa ikibaki ndani, mchanga wa chini utadondoka bomba likitoka, nawe utapoteza sehemu ile hasa uliyoitafuta. Simamisha miti mitatu, tundika chein bloku, vuta polepole. Mtu mmoja akae na kifuniko cha chini tayari. Likitoka, mwaga maji ya juu kwa tundu dogo, kata bomba tupu kwa msumeno wa chuma, ziba. Hadi chombo kiegemee pwani libebe likiwa wima, kisha lilaze likiwa limejaa kabisa.

Nyumbani lipasue kwa grainda pande mbili bila kuzamisha jiwe kwenye mchanga, pitisha mshipi katikati, fungua kama kitabu. Nusu moja ni ya kuchunguza, nusu nyingine ifungwe kwa nailoni na kuhifadhiwa mahali pa baridi bila kuguswa.

Mchanga umetoka wapi

Gramu 100 za kila tabaka zioshwe mara 3 kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zikaushwe. Ukisahau kuosha, chumvi itaingia kwenye kila mzani. Kama kuna tope, koroga kwenye chupa yenye maji ya sentimita 20, uache sekunde 50: mchanga wote umeshatua, kinachoelea ni tope, kimimine pembeni upime. Kisha chekecha kwa machekeche ya milimita 2, 1, 0.5, 0.25, 0.125 na 0.063, dakika 10 hadi 15. Usisage wala kusugua; vipande vya kombe huvunjika na kukuzalishia mchanga laini ambao bahari haikuutengeneza.

Halafu siki. Pima gramu 5 kwa mizani ya sonara, vipande vikubwa vya kombe viponde kwanza, mimina mililita 250 za siki ya asilimia 5. Gramu 5 za chokaa tupu zinahitaji mililita 120 hivi, kwa hiyo hapo kuna ziada. Baada ya saa 24 badilisha siki, subiri povu likome kabisa, osha, kausha, pima. Zikibaki gramu 3.2, chokaa ilikuwa asilimia 36.

Chokaa ni ya hapohapo baharini: matumbawe, makombe, foraminifera (vijidudu vya bahari vyenye maganda), na vipande bapa vya Halimeda, ule mwani wenye kuta ngumu. Kilichobaki, kwatzi inayong'aa kama kioo pamoja na ganeti, kimeshuka kutoka bara. Ruvu inaanzia milima ya Uluguru, kwenye miamba iliyogeuzwa na joto na yenye ganeti, nayo inamwaga kaskazini ya mji. Wami inamwaga mbele zaidi, karibu na Saadani. Kusi husukuma mchanga wa ufukweni kwenda kaskazini, kaskazi huurudisha kusini. Kwa hiyo tabaka lenye kwatzi nyingi na tope katikati ya mchanga wa chokaa linakuambia mto ulifika hadi hapo, au msimu uliusukuma hadi hapo.

Kutoka tabaka hadi historia

Anza kusoma chini. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yamefungwa kwenye barafu, bahari ilikuwa chini kwa kiasi cha mita 120. Unguja ilikuwa imeungana na bara. Pemba haikuungana, maana mkondo wake ni kilindi kikubwa. Ngalawa zinapopita leo, mito ilikuwa ikipita nchi kavu. Bahari ikapanda, ikakaribia kiwango cha leo kati ya miaka 7,000 na 6,000 iliyopita. Tope gumu lenye mizizi ya mikoko chini ya fungu, mbali na pwani, ni ufuko wa wakati huo. Tabaka la changarawe na makombe yaliyovunjika juu yake ni alama ya mawimbi yaliyopita yakikwangua. Mchanga wa mshazari juu ya hapo ndio fungu lenyewe.

Kwa nini mchanga ukakusanyika badala ya kutawanyika? Mafungu yaliyochunguzwa sana yako Bahari ya Kaskazini, mbele ya Norfolk, Uingereza, mengine yakiwa na urefu wa makumi ya kilomita. Mwaka 1982 John Huthnance alionyesha kwa hesabu kwamba kituta kilicholala mshazari kidogo na mkondo hujikuza chenyewe: maji yakipanda ubavu wake hupata msuguano zaidi, hupoteza nguvu, huangusha mchanga karibu na mgongo, yakirudi kutoka upande wa pili hufanya vilevile. Kujaa kunaleta, kupwa kunaleta. Unaweza kupima mkondo wako kwa ganda la chungwa: likienda mita 10 kwa sekunde 20, maji ya juu yana kasi ya nusu mita kwa sekunde, ya kutosha kusogeza mchanga wa kati.

Umri haukisiwi kwa unene. Kwa makumi ya miaka, risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi, haifai sana kwenye mchanga mtupu kwa kuwa hushika tope. Kwa kaboni-14, tafuta kombe lenye pande mbili zilizofungana, lililofukiwa likiwa hai. Kipande kilichosuguliwa kinaweza kuwa kimezunguka karne nyingi kabla ya kutua. Na maji ya bahari yenyewe yana kaboni ya zamani, hivyo kombe la leo huonekana na umri wa miaka 400 hivi. Maabara lazima wasahihishe. Kwa chembe za kwatzi kuna kipimo cha mwanga, kinachosoma mara ya mwisho chembe ilipopigwa na jua. Sampuli hiyo ichukuliwe kwa bomba la chuma lisilopitisha mwanga, na sentimita 3 hadi 5 za kila ncha zitupwe.

Linalobaki ni kujua mkondo huchimbua hadi kina gani, na hilo halihitaji maabara. Siku ileile ya kwanza simika nondo 5 kwenye mstari unaokata fungu, kila moja ikiwa na washa inayoteleza, imelala juu ya mchanga. Funga kitambaa chekundu, waarifu wavuvi. Rudi bamvua linalofuata, chimba taratibu kando ya nondo. Mchanga ulipochimbuliwa, washa ilishuka nao, uliporudi, ukaifunika. Washa ikiwa sentimita 25 chini, na juu yake kuna matabaka 12 mazuri yenye mistari mieusi na utando wa tope, basi hayo 12 yote ni ya siku 15 zilizopita. Chora mstari kwenye daftari katika kina hicho: juu yake usimwambie mtu habari za miaka. Rudisha washa juu, funika shimo, urudi tena kusi ikishapita, kwa sababu mstari huo utakuwa umeshuka.